Maiti Hafugi Kondoo

Kambi ya kondoo ya Bwana McQuarrie, Wyoming
4 Aprili 1897

Shangazi Mehitabel, shikamoo.

Mimi ni mzima, ila mgongo. Theluji bado imeshika mabondeni na kondoo wameanza kuzaa kabla ya siku zao, kwa hiyo wiki mbili hizi nimelala na viatu miguuni. Nisalimie jirani Prudence, mwambie ile dawa yake ya kifua niliinywa yote na sikufa. Wewe umeniandikia habari za kuku, za paa linalovuja, za mchungaji mpya anayehubiri kwa pua, lakini hukusema kama kile kikohozi cha majira ya baridi kimekwisha.

Barua yako ya Februari ilikaa kituo cha reli wiki tatu mpaka gari letu la chakula lilipokwenda mjini. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mpaka mwenzangu Olaus akauliza nani kafa. Nikamwambia, sisi. Tumekufa tangu mwaka 1704.

Ngoja nione kama nimeelewa, maana shule niliiacha kabla haijanizoea. Binamu yako Lemuel anaandika kitabu cha ukoo wa Pettingrew, watu wote waliotokana na mzee Obadiah aliyeshuka melini kutoka Uingereza mwaka 1651. Obadiah alimzaa Gideon. Gideon alimzaa Ebenezer. Ebenezer alimzaa Amos, Amos akamzaa babu, na babu akawazaa wewe na baba yangu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kabla ya kujua kujifunga kamba za viatu. Sasa mzee Lemuel kakwangua ukungu kwenye jiwe moja la makaburini, kakuta limeandikwa: Ebenezer, mwana wa Gideon na Patience, amefariki 1704, umri miaka miwili. Basi kachora mstari. Tawi limekatika. Na kakwambia mbele ya kina mama wa kanisa, "Mehitabel, mtoto wa miaka miwili hazai."

Ningekuwepo, shangazi, ningemtumbukiza kwenye hori la farasi.

Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayesema labda mvua itanyesha, umeandika kwamba chama cha ukoo kimenunua yale makaburi ya zamani, kitayazungushia uzio, na asiyekuwemo kitabuni hatazikwa mle. Baba yangu yumo mle. Babu na bibi wamo. Kando ya baba kuna nafasi moja, nami najua ni ya nani. Ukaongeza, "Mimi sijali, udongo ni udongo." Mtu asiyejali udongo hapalilii nafasi tupu kila Jumamosi.

Umeuliza Biblia ya baba. Ninayo. Majina yanaanzia kwa babu, juu yake hakuna kitu. Nimegeuza kila karatasi. Umeuliza pia kama bado niko peke yangu, maana mzee Lemuel anataka jina la kila mtu na la mkewe. Kwa kuwa ametufuta, sioni haja ya kumjibu.

Mwanao,
Asahel

Thorncombe, Massachusetts
2 Mei 1897

Asahel, marahaba.

Kikohozi ni changu, nakitunza mwenyewe. Paa limezibwa. Jike mzee wa kondoo amezaa mapacha, mmoja nimemweka jikoni karibu na jiko na ananifuata kama deni. Maziwa sasa naletewa na Muirishi mmoja Mkatoliki mwenye watoto tisa. Tunamalizana mlangoni, ndani haingii. Baba yako angekuwa hai angeshangaa mji ulivyogeuka.

Bahasha yako ilikuja na anwani iliyoandikwa vizuri kuliko anavyoandika mchungaji. Ile M ina mkia kama tausi. Mkono wako naujua tangu ulipochora jina lako kwa msumari kwenye mlango wa zizi, na huo si wako. Kama ni wa Olaus, mwambie amepotea njia, angekuwa karani. Na hizo soksi ulizosema hapo Krismasi kwamba zimeshonwa upya visigino, nani kazishona? Wewe sindano huijui kichwa wala ncha.

Nilimpelekea Lemuel pai ya tufaha, nikakaa sebuleni kwake katikati ya makaratasi. Unajua alivyo, miaka arobaini mwalimu wa shule, hata paka wake anamsahihisha.

"Basi Lemuel," nikamwambia, "sisi tumetoka wapi? Tumeanguka na mvua?"

"Huenda huyo Ebenezer wenu alikuwa mtumishi wa nyumba, akachukua jina la bwana wake. Wengi walifanya hivyo. Si aibu, Mehitabel."

"Kama si aibu, anza wewe. Jiandike mtumishi."

"Mimi nina karatasi."

"Na mimi nina pua. Itazame. Ndiyo hiyo hiyo iliyo usoni kwako."

Akasema pua si ushahidi. Daftari la ubatizo la kanisa liliungua na kanisa lenyewe zamani, kabla ya vita vya uhuru, kwa hiyo lililobaki ni jiwe, na jiwe limesema. Alikula vipande viwili vya pai huku akinifuta.

Ukoo utakutana Jumatano ya kwanza ya Septemba, majina yatasomwa hadharani. Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa tarehe ishirini Oktoba. Baada ya hapo hakuna linalobadilika. Mimi nakuambia tu ujue. Nafasi ya kuzikwa iko pia kule kwenye makaburi mapya karibu na kiwanda cha viatu. Nimekwenda kuyaona. Yana upepo.

Shangazi yako,
Mehitabel

Kambi ya kondoo, Wyoming
30 Mei 1897

Shangazi, shikamoo, na keti chini kabla hujasoma.

Mimi mzima. Nimechoka mpaka jina langu nalisikia kama la mtu mwingine, lakini leo sitaki kulala. Jirani Prudence hajambo? Haya, tumemaliza salamu.

Juzi tulikuwa tunatia alama wanakondoo. Olaus anamkamata, mimi nakata mkia, nakata sikio, namwachia, anakuja mwingine. Mamia kwa mamia, toka alfajiri. Alama ya Bwana McQuarrie ni mpasuo mmoja sikio la kulia, basi. Saa za mchana, jua kali, sijala, nikawa nakata huku akili imekwenda kwingine. Nikasikia ukelele wa Bwana McQuarrie.

"We Asahel! Hiyo ni alama ya nani?"

Nikatazama. Wanakondoo kumi na wawili, wote wamekatwa ncha ya sikio la kushoto, na nusu mwezi chini ya sikio la kulia.

"Ya baba," nikasema.

"Baba yako ana kondoo humu?"

"Baba yangu amekufa, bwana."

"Basi maiti wako ameniibia kondoo kumi na wawili!"

Olaus alicheka mpaka akamwachia mwanakondoo aliyemshika. Shangazi, mkono ulijikatia wenyewe. Baba alinifundisha alama ile nikiwa na miaka saba, nimekaa juu ya ndoo. Alisema, "Hii aliikata Obadiah. Ukiikosea, umemkosea yeye."

McQuarrie ni Mskoti, hasira zake hazikai. Jioni akatoa karatasi yake akanionyesha kwa nini alipiga kelele. Huku alama ya masikio huandikwa serikalini. Wawili hawaruhusiwi kuwa na alama moja. Na kwenye karatasi imeandikwa yeye ameipata kwa nani, na huyo wa kwanza aliipata kwa nani.

Ndipo nikasimama nikagonga kichwa kwenye turubai. Wazee wetu walichunga kondoo wao pamoja kwenye malisho ya mji! Wangewatambuaje bila alama? Na kama waliwaandika nguruwe waliovunja ua na watu waliosinzia kanisani, wataachaje kuandika masikio? Nenda kwa karani wa mji. Usiulize ubatizo, usiulize vifo. Uliza kitabu cha alama. Tafuta ncha ya kushoto na nusu mwezi kulia.

Kimbia. Hapana, usikimbie, nenda polepole, lakini nenda.

Asahel

Ya soksi nimeisoma. Visigino viko salama.

Thorncombe
27 Juni 1897

Asahel mwanangu! Asahel!

Marahaba, sote wazima, mwanakondoo wa jikoni amekula aproni yangu. Haya.

Karani wa mji ni yule kijana wa Tobey mwenye masharubu ya kuazima. Nikamwambia nataka kitabu cha alama za masikio. Akasema hakuna kitu kama hicho. Nikamwambia kipo. Akasema, "Bibi Pettingrew, huu ni mwaka 1897." Nikavuta kiti, nikatoa ufumaji wangu, nikamwambia nitakaa hapa mpaka uwe mwaka unaokipata. Siku ya tatu alichoka, tukapanda pamoja kwenye dari. Mimi, kwa ngazi! Kitabu kilikuwa chini ya mizani mibovu na kiota cha panya. Jalada limetafunwa, ndani kuzima. Kila alama imechorwa sikio dogo, kama mtoto anayechora majani.

Nimenakili neno kwa neno. Mwaka 1660: Obadiah Pettingrew, alama yake, ncha ya sikio la kushoto imekatwa, na nusu mwezi chini ya sikio la kulia. Mwaka 1698: alama hiyo sasa ni ya Gideon mwanawe. Halafu, soma umekaa: tarehe tatu Machi 1728, Gideon Pettingrew amempa mwanawe Ebenezer alama hii.

Mwaka 1728! Miaka ishirini na minne baada ya kaburi la Lemuel!

Nilipiga ukelele, kijana wa Tobey akadhani nimeumwa na panya. Nikamwambia, "Mwanangu, maiti hafugi kondoo." Nimelisema neno hilo njia nzima kurudi nyumbani. Nilimwambia hata Muirishi wa maziwa. Akavua kofia, akasema kwao Ireland nako maiti hafugi.

Nilikwenda kwa Lemuel siku hiyo hiyo, bila pai. Akasoma nakala yangu. Akavaa miwani nyingine akasoma tena. Akasema, "Karani wa zamani alikosea jina." Nikasema karani hakukosea sikio. Akasema, "Mehitabel, jiwe linasema amekufa. Mtu hawezi kuwa amekufa na akapewa kondoo. Moja ni kosa, na jiwe ni zito kuliko karatasi." Ndivyo alivyosema, jiwe ni zito!

Nimekasirika mpaka nimepona mambo mengine. Sasa fikiri, wewe uliyefikiria masikio. Tunaye Ebenezer aliyekufa na Ebenezer mwenye kondoo. Tufanyeje?

Shangazi yako

Wyoming
1 Agosti 1897

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Kukata manyoya kumekwisha, mikono imevimba, kalamu naishika kama uma. Habari yako tuliisoma kwa sauti na kupiga meza. Nimesema tuliisoma; Olaus naye ana masikio.

Jibu ninalo, na ni fupi. Walikuwa Ebenezer wawili. Wa kwanza alikufa na miaka miwili, wakazaa mwingine, wakampa jina lile lile. Wazee wetu walifanya hivyo sana, jina halikuachwa lilale kaburini. Yule wa jiwe ni kaka yake babu yetu. Jiwe halidanganyi, na kitabu hakidanganyi. Mzee Lemuel amemkuta mmoja akadhani ndiye pekee.

Usiniulize nimewezaje kulijua upesi hivyo. Ni jambo ambalo mtu akilitazama karibu analielewa.

Tafuta makaburini mfano mwingine ambao mzee Lemuel hawezi kuukana. Lazima upo. Na uniambie kikohozi.

Asahel

Thorncombe
3 Septemba 1897

Mpendwa Asahel,

Marahaba. Naandika kitandani, lakini ni kwa uvivu na furaha, usianze.

Mfano niliutafuta siku nne kwa magoti na brashi ya kusugulia sakafu. Nilipoupata nilikaa kwenye nyasi nikacheka peke yangu. Sikumwambia mtu.

Jumatano tulikutana watu mia mbili na zaidi, wengine wametoka Ohio. Meza chini ya hema, maharage ya kuokwa, mkate wa kahawia, samaki, pai sizihesabu. Lemuel alipanda jukwaani na daftari. Alipofika kwa Gideon akasema, "Ebenezer, amefariki utotoni, hakuacha uzao." Nikasimama.

"Binamu Lemuel, nina swali la mwanafunzi."

"Baadaye, Mehitabel."

"La sasa hivi. Wewe ulikufa lini?"

Watu wakageuka. Nikasema makaburi yako hatua hamsini tu, nifuateni, na wewe lete miwani zote mbili. Walikuja, mikononi vipande vya pai. Nikawasimamisha mbele ya jiwe dogo nyuma ya ule mti wa mwerezi, nikamwomba msichana mmoja wa Ohio mwenye sauti asome. Akasoma: "Lemuel, mwana wa Jonas na Thankful Pettingrew. Amefariki 1824, umri miezi kumi na mmoja."

Nikasema, "Huyu ni mwana wa Jonas na Thankful. Na wewe, binamu, baba yako na mama yako ni nani?"

Lemuel akavua miwani, akasema ni hao hao. Halafu mzee mmoja kutoka Ohio akasema kwa sauti nzito, "Basi anayetusomea ukoo ni mzuka!" Asahel, watu walicheka mpaka wengine wakashika mawe ya makaburi wasianguke. Nikatoa nakala ya kitabu cha alama, kijana wa Tobey alikuwepo, akaapa kwamba ndivyo kilivyo. Nikawaambia maiti hafugi kondoo, na wakaitikia kama kanisani.

Nilidhani nitafurahi kumtazama Lemuel. Alikuwa ameweka mkono juu ya lile jiwe dogo. Watu walipotawanyika akaniambia taratibu, "Nilijua lipo hapa. Miaka sitini sijalisogelea. Mama alikuwa ananiita, mara nyingine, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, ilikuwa ya huyu. Nikiitika anashtuka." Nikampa leso.

Akakaa chini hapo hapo, akafuta ule mstari mbele yangu. Tumo, Asahel. Ebenezer wa kwanza na Ebenezer wa pili, Amos, babu yako, baba yako, mimi. Na nafasi kando ya Josiah ndugu yangu ni yangu, kwa maandishi.

Sasa naweza kukuambia. Daktari alikuja Februari, akasema kifua hiki hakina majira mengi ya baridi. Sikukuandikia kwa sababu ungekuja mbio, na ungekuja na uso ule wa msibani. Lakini tangu nipate pa kwenda sina haraka ya kwenda. Jana nimekula maharage sahani mbili.

Mstari wa mwisho wa tawi letu uko wazi. Lemuel ameandika: Asahel, alizaliwa 1863. Halafu nafasi nyeupe. Ananiuliza aandike nini.

Shangazi yako,
Mehitabel

Mjini, karibu na kituo cha reli, Wyoming
26 Septemba 1897

Shangazi, shikamoo. Mara hii nisome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Mwandiko wa bahasha ni wa mke wangu. Soksi pia. Anaitwa Bridget Gilhooly, ni Muirishi, ni Mkatoliki, alikuwa mpishi wa wajenzi wa reli. Tumeoana tangu 1893. Sikukuambia kwa sababu nakumbuka ulichosema siku naondoka, ukiwa umesimama mlangoni na ufagio: lolote, ila usituletee Mkatoliki. Kila mwaka nilisema nitaandika, na kila mwaka ikawa ngumu zaidi.

Mwaka 1894 tulipata mtoto wa kiume, tukamwita Josiah, jina la baba. Alikufa Machi iliyofuata, mimi niko kambini, theluji imefunga njia. Nilifika siku ya tisa. Jiwe nililichonga mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu nilijua habari ya Ebenezer upesi.

Tarehe kumi na mbili mwezi huu tumepata mwingine. Wa kiume. Analia kama filimbi ya treni, na ana ile pua, shangazi, haina ubishi! Nilitaka awe Josiah. Halafu barua yako ikafika, nikasoma alivyosema mzee Lemuel kuhusu sauti ya mama yake, nikaisoma mara nne, nikasita kumpa jina hilo. Nikampa Bridget asome. Akamtazama mtoto, akasema, "Nitamwita kwa sauti yake mwenyewe. Yule aliyekufa nitamwita kwa sauti ya kwake." Basi.

Kwa hiyo mwambie mzee Lemuel ajaze nafasi nyeupe hivi: Asahel, alimwoa Bridget Gilhooly. Watoto wao: Josiah, alizaliwa 1894, alifariki 1895. Josiah, alizaliwa 1897, yu hai. Awaandike wote wawili, mmoja chini ya mwenzake. Asije mtu baada ya miaka mia mbili akakwangua jiwe la mwanangu, akadhani tumekwisha.

Kama hutaki kupeleka majina haya nitaelewa. Nafasi yako umekwisha kuipata, hii si shida yako. Lakini tarehe ishirini Oktoba inakuja, na mimi niko mbali.

Majira ya machipuko tunakuja, sote watatu, ukitukubali au usitukubali. Ngoja tu.

Asahel

Thorncombe
9 Oktoba 1897

Asahel na Bridget,

Barua yenu niliisoma asubuhi, nikaenda nayo kwa Lemuel bila kofia. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka wino ukakauka. Wameandikwa wote wawili. Aliuliza, "Gilhooly, kwa herufi hizi?" Nikamwambia kwa herufi hizo hizo, na ziwe kubwa.

Nilivyosema siku ile na ufagio mkononi, nilisema. Sitajifanya sikusema. Leo asubuhi nilimwambia Muirishi wa maziwa aingie ndani, nikampa chai, nikamuuliza kwao mtoto mchanga akigoma kulala wanamfanyaje. Alikaa saa nzima. Ng'ombe wa watu walikonda wakimsubiri.

Bridget mwanangu, visigino vile vya soksi ni kazi nzuri. Josiah wa kwanza mtaleta jina lake hapa, kuna mahali nimepalilia pa jiwe dogo.

Kutoka kwa Lemuel nilipita kwa karani. Kitabu cha alama sasa kiko mezani kwake, amekifuta vumbi. Nikamwambia afungue ukurasa wetu. Chini ya maandishi ya zamani ameandika, kwa wino mpya: Oktoba 1897, alama hii sasa ni ya Josiah, mwana wa Asahel Pettingrew. Akachora na masikio.

Akaniuliza, kwa sababu sheria inataka, huyo Josiah ana kondoo wangapi.

Nikamwambia mmoja, yule aliyekulia jikoni kwangu. Yuko nje, amefungwa kwenye uzio, anakula tangazo la mji.

Shangazi yenu,
Mehitabel